Punje Moja, Mara Arubaini na Tatu

Mtoto wa jirani yangu hapa Eldoret alipewa na mwalimu wake kazi ya mikono: atengeneze mkufu wa mbegu. Jumamosi asubuhi akaketi kwenye ngazi zetu za pamoja, sindano ameipachika kwenye makaa ya jiko la mamake, na ncha nyekundu ilipoingia kwenye mbegu ya kwanza harufu ikanifikia chumbani, nilikokuwa nikitia nguo sandukuni kwa safari nyingine. Ina kidogo cha unywele ulioungua, na kidogo cha kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita sijaisikia. Nikaketi kitandani, sanduku wazi, nikajikuta nanong'ona nambari.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimepanga Nakuru, Kisumu, Mwanza, Lodwar. Miaka miwili nilipika nyumba ya watu Maskati. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Lakini kila mlango ninaohamia, kabla sijafagia, huitazama nambari yake na kuipasuapasua: hujumlisha tarakimu zake nione kama inagawika kwa tatu, kisha huijaribu kwa saba, kwa kumi na moja. Wenzangu hukagua kama paa linavuja. Ugonjwa huu niliupata Mjambere, upande wa Kisauni, nilipokuwa darasa la tano, na aliyeniambukiza hakuwa mwalimu wa hesabu.

Mama alikuwa amelazwa ng'ambo ya daraja, wiki ya tatu sasa, ana mimba na presha. Wawili waliokuja baada yangu hawakukaa: wa kwanza alitoka kabla ya wakati, wa pili aliishi siku moja akaenda bila hata jina. Hayo sikuambiwa na mtu. Niliyaokota kwenye mazungumzo yaliyokatika kila nilipoingia jikoni. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Tangu mama alazwe, mimi na baba tulikuwa tumehamia kwa nyanya, mamake mama, na habari za hospitali zilifika kila jioni juu ya baiskeli ya baba, ambaye alikuwa fundi wa mabomba. Nilijifunza kuzisoma kabla hajafungua mdomo. Akiiegemeza baiskeli ukutani, afadhali. Akiiacha ianguke uwanjani, hakuna aliyekula kwa raha usiku huo.

Nyanya hakuwahi kuingia skuli. Alisoma chuo cha Kurani tu, kwa babake mwenyewe, na herufi alizozijua zilikuwa za Kiarabu. Siku moja alirudi kutoka hospitalini kumtazama mama, akavua buibui, akajitilia tambuu mdomoni, akatafuna kwa muda.

"Twamsomea Ya Latifu," akasema. "Ile kubwa, si ndogo."

Latifu, Mwenye upole, ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, na kusomewa jina hilo nilikuwa nimeshakuona majumbani kwa watu wenye mgonjwa au mfungwa. Lakini hiyo kubwa sikuijua.

"Kubwa ni mara ngapi, Nyanya?"

"Elfu kumi na sita, mia sita na arubaini na moja."

Nilicheka. "Hiyo si dua, Nyanya, hiyo ni nambari ya sanduku la posta!"

"Cheka tu. Hebu ndoo hapa nikwambie." Akanikunjua vidole kimoja kimoja. "Kila herufi ina hisabu yake. Lamu ni thelathini. Twa ni tisa. Ye ni kumi. Fe ni themanini. Jumla ngapi?"

"Mia na ishirini na tisa."

"Basi hilo ndilo jina Latifu. Sasa ulisome jina kwa idadi ya jina, halafu mzunguko huo wote uurudie tena kwa idadi ya jina. Hapo ndipo latimia."

Nilichukua kipande cha kaa la jikoni nikaiandika sakafuni, mia na ishirini na tisa juu ya mia na ishirini na tisa, kama tulivyofundishwa. Ile tisa ikanipa elfu moja mia moja sitini na moja. Ile ishirini, elfu mbili mia tano na themanini. Ile mia, elfu kumi na mbili na mia tisa. Nikajumlisha, na pale chini ya mstari ikatoka nambari ya nyanya, haikukosa hata tarakimu.

"Mbona wanikodolea mato hivyo?" akauliza. "Ulidhani nimeiokota njiani?"

Kisha akamwaga kokwa za tende mkekani, maana katika nyumba yake kokwa hazikutupwa, zilioshwa zikawekwa. Akazipanga tatu kwa tatu. Akaongeza safu moja upande na moja chini, ikawa nne kwa nne; zilizoongezwa zilikuwa saba. Akaongeza tena, safari hii tisa, ikawa tano kwa tano. "Yakua hivi," akasema. "Pande mbili na pembe moja, pande mbili na pembe moja, mpaka ufike. Ukiitazama toka huku au toka kule ni sawa." Miaka baadaye mwalimu wa skuli ya upili alichora miraba ubaoni na kusema maneno hayo hayo kwa lugha kavu, na darasa zima ni mimi peke yangu niliyejua tayari jinsi mraba unavyokua, na mwenzangu wa dawati akadhani nimenunua majibu.

Ule mzaha wangu wa posta, lakini, haukubaki mzaha. Wakati ule barua zetu zilipitia sanduku la tajiri aliyemwajiri baba, na barua moja ya mjomba, iliyokosewa tarakimu moja tu, ilikuwa imezunguka masanduku ya watu miezi mitatu kabla ya kutufikia, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yakashikana. Nikaamini kwamba nambari ile ndiyo anwani. Dua ya watu ikisomwa kamili itafika inakotakiwa. Ikipungua, itaangukia kwenye sanduku la mtu mwingine, na mama atabaki pale kitandani akingojea.

Habari zilienea na wanawake saba wa mtaani wakajitolea kusoma. Nyanya akakataa. Alikuwa amekaa na kokwa zake mia na ishirini na tisa, akazigawa mafungu saba, zikakataa, manne, zikakataa, matano, zikakataa.

"Nambari hini yataka watu watatu, ama arubaini na watatu," akamwambia Bi Rukia, shoga yake aliyekuwa akishona kofia nyumba ya pili. "Na hao arubaini na watatu ntawakalisha wapi, juu ya paa?"

"Watatu watosha," akasema Bi Rukia. "Mradi chai isiwe ya kupimwa. Mimi, na wewe, na nani?"

Nyanya akanielekezea kidevu.

"Huyu?" Bi Rukia akanipima juu mpaka chini. "Huyu akikaa dakika tano ashawashwa."

"Atatulia. Ni mamake."

Tasbihi za dukani zina punje tisini na tisa au mia, na nyanya hakutaka mtu ahesabu mia halafu aongeze ishirini na tisa kwa vidole. Alitaka tasbihi tatu za idadi kamili. Nyuma ya nyumba, penye mtaro wa maji ya bomba, kuliota ule mmea wa majani mapana na maua mekundu tuliouita mtasbihi, ambao mbegu zake ni nyeusi, za mviringo, ngumu kama risasi. Tulizichuma siku tatu mpaka mtaro mzima ukabaki majani matupu. Nyanya akazichagua, akatupa mbovu na changa, akazihesabu zilizobaki. Mia tatu themanini na saba: mia na ishirini na tisa mara tatu. Akahesabu tena.

"Haikuzidi, haikupungua!" Akajipiga mapaja kwa furaha, mara ya kwanza tangu mama alazwe. "Wallahi, mtoto huyu yuaja."

Kazi ya kuzitoboa nilipewa mimi, uani kwa Mama Kadzo. Alikuwa jirani wetu, Mgiriama, Mkristo, mkaangaji wa mihogo, na jiko lake halikuzimika kutwa. Alinipashia sindano mbili kwa zamu, moja ikiwa motoni nyingine mkononi mwangu, na huku akimtania nyanya juu ya ua wa makuti.

"Mara elfu kumi na sita! Nyanya, Mulungu hasikii ya kwanza?"

"Ya kwanza asikia. Hizo nyingine ni zangu mimi, nisikie ninachosema."

"Haya. Sisi kanisani twasema mara moja, tena kwa sauti."

"Ndiyo mana mwakauka koo upesi."

Wakacheka, na mihogo ikaungua kidogo.

Siku ya pili ya kutoboa, nyanya akiwa hospitalini, nilikuwa nimebakisha punje chache tu za tasbihi ya tatu. Sindano ilikuwa imepoa na mimi sikuwa na subira ya kubadilisha. Nikasukuma. Mbegu ikalia *ta*, ikawa nusu mbili mkononi.

"Eh, imekufa hiyo," akasema Mama Kadzo. "Kachume nyingine."

"Zimekwisha. Tulichuma zote."

"Basi mwambie nyanyako."

"Ntamwambia."

Na nilikuwa na nia hiyo. Lakini nyanya aliporudi hakuvua hata buibui. Alikaa mlangoni akamweleza Bi Rukia kwamba miguu ya mwanawe imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo labaki. Kisha akanigeukia, "Mwanangu!"

"Abee, Nyanya."

"Punje zetu zimetimia?"

Nilimwangalia usoni. Ile *haikuzidi, haikupungua* ndiyo furaha pekee aliyokuwa nayo wiki hiyo. "Zimetimia," nikasema. Moja tu, nilijiambia. Kati ya elfu kumi na sita, moja. Nikazifunga tasbihi zote tatu kwa uzi mmoja wa kijani na fundo la namna moja, kusudi ile fupi isitambulikane, nikazitia bakulini na kuzichanganya. Nilifanya kazi nzuri mno. Nilipozitazama tena, hata mimi sikuijua ni ipi.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri tuliketi kwenye mkeka, nyanya, Bi Rukia na mimi, udi unafuka kwenye chetezo, sinia la kokwa mia na ishirini na tisa katikati yetu. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Ukiimaliza tasbihi yako mzunguko mmoja, wachukua kokwa moja kutoka siniani na kuiweka mbele yako. Kila mmoja arubaini na tatu. Sinia likiwa tupu, tumekwisha.

Mizunguko ya mwanzo niliisoma kwa fahari. Nilikuwa nimekalishwa na watu wazima, jina linapita ulimini kama maji, *Ya Latifu, Ya Latifu*, na sikuwashwa popote. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua kokwa ya kumi, au ya kumi na moja, nilipoona kilichokuwa kikitokea. Mmoja wetu alikuwa na tasbihi fupi. Jina moja lilikuwa limekosekana katika mzunguko wa kwanza, na moja katika wa pili, na moja katika wa tatu, na kila kokwa iliyotoka siniani kwa mtu huyo ilitoka na upungufu wake. Kosa langu halikuwa limekaa pale nilipoliacha. Lilikuwa likitembea na sisi.

Nilijaribu kuhesabu punje za tasbihi yangu huku nasoma, ili ikiwa ni mimi niongeze. Haiwezekani. Ukihesabu, jina lakutoka; ukishika jina, hesabu yakutoka. Nikapotea mara mbili, nikaacha, nikasoma tu, na masikio yangu yanawaka. Bi Rukia alisoma amefumba macho. Nyanya alisoma machozi yakimtiririka bila sauti yake kubadilika. Sinia lilipobaki tupu, akainua mikono akaomba kwa muda mrefu, akajipangusa uso. "Alhamdulillahi," akasema. "Imetimia." Akazikusanya tasbihi zote tatu akazifungia kwenye sanduku lake, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso.

Kesho yake asubuhi baba alikuja wakati asiokuja kamwe. Baiskeli aliiacha ianguke. Alimwambia nyanya kwa sauti ya chini, lakini ukuta wa uani ulikuwa makuti: mama amepelekwa chumba cha kupasuliwa tangu alfajiri, yeye baba ndiye aliyetia sahihi, na tangu hapo hajaambiwa kitu. Akanywa maji akiwa amesimama, akaondoka tena.

Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, penye mtaro, na kipande cha kaa. Mtoto wa miaka kumi na moja haogopi kama mtu mzima. Huogopa bila kipimo. Huenda nilikuwa nimepunguza majina mia, au elfu. Huenda nilikuwa nimeipeleka dua yote Kilifi. Nikaanza kuandika kwenye sementi. Ikiwa tasbihi fupi ilikuwa ya nyanya, alisoma mia na ishirini na nane mara arubaini na tatu, na sisi wawili tulisoma kamili. Jumla yetu: elfu kumi na sita, mia tano tisini na nane. Ikiwa ilikuwa ya Bi Rukia, nikaandika upya yote, nikazidisha, nikajumlisha. Elfu kumi na sita, mia tano tisini na nane. Ikiwa yangu, vilevile. Mara tatu niliikuta nambari ile ile ikinitazama, na mara ya tatu nikacheka kwa sauti, pale peke yangu, siku ile ya hofu. Haikuhitajika kujua ni ya nani. Ile punje iliyopasuka, ingeingia kwenye uzi wowote, ingepita vidoleni mara arubaini na tatu, maana sote tulizunguka sawa. Nilikuwa nimepunguza arubaini na tatu. Si mia. Si elfu.

Mama Kadzo alichungulia juu ya ua. "Umemwambia?"

"Bado."

"Wangoja nini, mwana we?"

"Nilikuwa nangoja nijue ni ngapi."

"Na sasa wajua?"

"Arubaini na tatu."

Hakuuliza arubaini na tatu za nini. "Basi nenda," akasema.

Nyanya alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, ingawa hakuna aliyekuwa na nia ya kula. Nikasimama mbele yake.

"Nyanya, jana haikutimia."

Mkono ukasimama mcheleni. Nikamweleza sindano, mbegu, uzi wa kijani, uongo. Hakunitazama mpaka nilipomaliza.

"Punje moja," akasema.

"Si moja, Nyanya. Arubaini na tatu."

"Kakwambia nani?"

"Nimehesabu."

"Na wajua ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Sijui. Lakini haidhuru."

"Haidhuru vipi? Humjui mtu, utajuaje idadi? Nionyeshe."

Nilizileta kokwa nikampangia mafungu matatu, nikampitisha mzunguko kwa mzunguko. Alinikatiza mara mbili kunirudisha nyuma. Kisha akayatazama mafungu.

"Kwa kuwa kila mmoja alizunguka sawa na mwenzake," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na ningewaita wale saba?"

"Wengine wangezunguka mara kumi na nane, wengine kumi na tisa. Hapo ingetubidi tumjue nani."

Nilingoja kofi. Nyanya alikuwa na mkono mwepesi, na uongo hakuusamehe kwa urahisi. Lakini aliuweka ungo kando akasimama kwa kushikilia goti. "Kanitilie maji nitawadhe. Nawe utawadhe. Wewe ndiwe uliyepasua, wewe ndiwe utakayesoma. Mimi ntahamisha kokwa." Kisha, nikiwa tayari nimeinua ndoo, akaniita nyuma. "Na huo uso urudishe mahali pake. Mamako hakuugua kwa ajili ya mbegu."

"Basi kwa nini tusome?"

"Kwa sababu tulisema tutasoma zote."

Tukaketi. Kokwa arubaini na tatu siniani, moja kwa kila jina. Safari hii sikupitisha jina ulimini kama maji. Kila moja nililisema lote, kutoka kwenye *Ya* mpaka kwenye *fu*, na nyanya akangoja nimalize ndipo aihamishe kokwa yake, *tik*, kwenye bakuli la bati. Kumi. Ishirini. Thelathini. Tulikuwa tumebakiza kumi na mbili, naikumbuka idadi hiyo kama jina la mtu, baba alipotokea mlangoni.

Hatukuwa tumesikia baiskeli. Kutoka mkekani uwanja hauonekani, kwa hiyo sikujua kama ilikuwa imeegemezwa au imeangushwa. Alikuwa ameloa jasho mpaka kiunoni, kifua kinapanda na kushuka, amekamata miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Mama—" akaanza.

Nyanya akainua kiganja. Hakugeuza kichwa. Alimzuia mkwewe kwa kiganja kimoja, kama askari wa barabarani, na mkono wa pili ulibaki juu ya sinia ukingojea jina langu.

Nilimtazama baba. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa mekundu wiki tatu nzima. Mdomo ulikuwa wazi na ndani yake kulikuwa na neno moja au jingine, na mimi nilikuwa na majina kumi na mawili kati yangu na neno hilo. Sikujua niyakimbize au niyavute. Nikiyakimbiza, huenda ningelipata mapema lile nisilolitaka. Nikiyavuta, mama angebaki kidogo zaidi kuwa mzima. Nilisoma moja. *Tik*. Nikasoma la pili. Huko nje Mama Kadzo alikuwa amesimama na karai lake mkononi, mafuta yanadondoka mchangani. Zikabaki saba. Sita. Nyanya hakuniharakisha wala hakunituliza. Alihamisha kokwa zile kwa mwendo ule ule aliohamishia zote, na mwendo huo ndio ulionishika. Tatu. Mbili. Nikalisema la mwisho, na kokwa ikalia batini.

"Haya," akasema nyanya. "Sasa sema."

"Amejifungua," akasema baba. "Msichana. Mamake ameamka, amenitukana kwa kuchelewa, ameomba chai."

Kisha akateleza akakaa pale pale kizingitini kama mtu aliyekatwa kamba. Nyanya alijifunika uso na leso. Mama Kadzo alipiga kigelegele kimoja kilichowatoa watu majumbani.

Baadaye niliuliza saa, maana ndivyo nilivyokuwa. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya saa tatu asubuhi. Saa hiyo mimi nilikuwa bado penye mtaro, kaa mkononi, sijaipata arubaini na tatu wala sijaungama. Jambo lilikuwa limeshatendeka, na yale majina yangu ya mwisho niliyasoma nyuma yake. Kwa muda liliniudhi hilo, kama mtu aliyekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Siku hizi naliona vingine. Sidai kujua nambari hufanya nini mbinguni. Najua ilichonifanyia mimi. Asubuhi ile hofu yangu haikuwa na mwisho, na nilipoipasua na kuipanga ikaonekana ina mwisho, ina pembe, ni arubaini na tatu kamili, na kitu chenye idadi mtu anaweza kukiinua. Tangu hapo nimebeba makosa makubwa kuliko hilo kutoka mji hadi mji, na kila mara nimeanza kwa kuuliza: ngapi hasa?

Mama alirudi siku ya kumi na moja, mwembamba, ngozi imekuwa ya majivu, anatembea ameshika tumbo. Walimtandikia chumbani kwa nyanya. Niliitwa nimwone mtoto, ambaye alikuwa mdogo kuliko nilivyoahidiwa na aliyenuka maziwa, na nikaruhusiwa nikae ukingoni mwa kitanda. Mama alinitazama kwa muda, akanitoa uzi uliokuwa umenaswa nyweleni.

"Nyanyako aniambia mlinisomea."

"Ndiyo, Mama."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Zote?"

Nyanya alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Aliacha kutafuna tambuu yake. Nilihisi macho yake juu ya shingo yangu, lakini sikugeuka kumtazama, kwa kuwa safari hii sikuhitaji.

"Zote," nikasema.

Mama akafumba macho, akalala.